Gramu Arobaini za Kabula

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani hata nikiwa nachambua maharage. Ila siwezi kukueleza hiyo kabla sijakueleza nyingine ya zamani, nilipokuwa msichana wa miaka kumi na minne hapa hapa Bariadi.

Tulikuwa tukilima kwa zamu, vijana wa kitongoji kizima. Leo shamba la huyu, kesho la yule, tunaimba na majembe yanapanda na kushuka pamoja. Siku hiyo zamu ilikuwa ya kwetu, palizi ya pamba. Mimi nilitaka kufika wa kwanza shambani ili nionekane. Bibi yangu mzaa baba alikuwa amenitengea uji, nikaupita kama sijauona. Jua halijapanda sawasawa nikaishiwa nguvu, nikaanguka, na jembe langu likamkata kisigino binti aliyekuwa tuta la pili. Alichechemea mpaka mavuno.

Bibi hakunipiga. Alinikalisha chini mbele ya wote, akasema, "Anayetoka kwangu na tumbo tupu amenitukana mimi. Usirudie. Na mtoto utakayemlea asirudie."

Nikaishika hiyo kama amri. Nimezaa, nimelea, nimezika, na hakuna mtoto aliyevuka mlango wangu bila kula, awe anakwenda shule, mnadani au kliniki. Sikuwahi kujiuliza kama ipo safari ambayo amri hiyo haiifai. Mtu akishika jambo miaka hamsini, halihoji tena.

Sasa Kabula. Huyu ni mtoto wa binti yangu wa mwisho, ambaye Mungu alimchukua mapema, nikabaki na mtoto. Tulikuwa wawili tu nyumbani. Alipokuwa darasa la sita, kijana mmoja anaitwa Masunga alianza kufundisha taekwondo kwenye ghala lililokaa bure karibu na stendi. Kabula alikwenda kuchungulia, akabaki huko huko. Sikupenda, nakwambia ukweli. Mtoto wa kike kurusha miguu usawa wa vichwa vya watu, nikaona ni kukosa kazi. Mpaka siku niliyokwenda kumtoa kwa fimbo, nikamkuta anapigana na msichana mrefu kumzidi, na yule mrefu ndiye anayerudi nyuma. Nikakaa kwenye tofali nikaangalia hadi mwisho. Fimbo nikaitumia kutembelea wakati wa kurudi.

Miaka ikaenda. Akafika kidato cha nne, akamaliza, na Masunga akaja nyumbani kunieleza habari ya mashindano makubwa ya dunia, yale ambayo nchi zote zinakwenda na bendera zao.

"Mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma chetu, "watu wanadhani mtu anachaguliwa tu. Hapana. Kwanza kuna mchujo wa taifa, safari hii uko Mwanza. Kila uzito anatoka mmoja. Huyo mmoja anakwenda kukutana na wenzake wa Afrika nzima, na pale kila uzito wanapita wawili peke yao. Wawili, mayu. Waliobaki wote wanarudi nyumbani, hata kama ni wazuri namna gani."

"Na Kabula yumo?"

"Kwa uzito wake simwoni wa kumshinda nchi hii. Lakini lazima awe chini ya kilo arobaini na tisa. Wanapimwa siku moja kabla ya kupigana."

Nilisikia. Sikio lilisikia, kichwa kilikuwa na mambo yake. Kwetu hapa mizani tunayoijua ni ya pamba, na hiyo ukiona inapanda unashangilia. Mizani ya kuogopwa ikipanda sikuwa nimewahi kuiona.

Wiki tatu za mwisho kabla ya mchujo Kabula alikuwa akila chakula alichopangiwa na mwalimu wake, kwa kipimo, kwenye kopo lake. Mimi niliona mashavu yanaingia ndani. Jirani yangu naye hakuninyima maneno. "We bibi Kabula, mjukuu amebaki miguu na macho. Unamlisha au unamshindisha njaa?" Watu wakacheka pale bombani. Neno hilo lilinichoma, nikarudi nalo nyumbani na ndoo yangu.

Basi asubuhi ya kwenda Mwanza niliamka mapema. Nikasonga ugali wa nguvu, nikachemsha sato mkubwa aliyetoka Lamadi, maziwa ya mgando pembeni. Kabula akatoka na begi mgongoni na kopo lake mkononi.

"Mwangaluka bibi."

"Mwangaluka. Kaa ule."

"Bibi, leo nakula hiki cha kwenye kopo tu. Nina mizani saa kumi."

"Wewe ni gunia la pamba?"

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha kukohoa, kama anakificha. "Ndiyo bibi, tena lile linalotakiwa kuwa jepesi. Nikizidi hata kidogo sipigani."

"Na ukidondoka huko mbele za watu, watasema umetoka kwa nani?"

"Sidondoki bibi."

"Hayo hayo niliyasema mimi." Nikaisogeza sahani. "Anayetoka kwangu na tumbo tupu amenitukana. Unataka kunitukana?"

Akaweka begi chini, akanawa, akala. Nilisimama juu yake mpaka samaki akabaki mifupa, nikamwongezea maziwa, akanywa. Aliposhukuru sauti yake ilikuwa ndogo, "Wabeja, bibi." Nikamsindikiza mpaka kona, nikarudi nimeridhika. Nilipita makusudi mbele ya yule jirani.

Alirudi kesho yake mchana, wakati alitakiwa awe anapigana. Alikuja na Masunga. Kabula alikuwa amejifunga kanga kichwani, na alipoinama kuingia ndani kanga ikateleza. Kichwa kilikuwa kitupu. Nywele alizosukwa wiki ile ile zilikuwa zimekatwa ovyo ovyo, huku fupi, huku kipara.

Kwetu, mwanangu, mtu ananyolewa akifiwa. Nikapiga kelele, "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa bibi," akasema. "Nilizidi."

Masunga ndiye aliyeeleza, amesimama mlangoni, amekataa kiti. Mizani ilisoma gramu mia tatu juu. Wakapewa muda mfupi wa kujaribu tena. Kabula akavaa makoti mawili akauzunguka uwanja mbio ili jasho limtoke. Akapanda tena, bado. Akaomba mkasi mwenyewe, wakakata nywele. Akapanda mara ya mwisho. Zilibaki gramu arobaini. Hizo ni kama konzi moja ya karanga. Muda ukaisha, jina lake likapigwa mstari, akapita msichana ambaye Kabula alishamshinda mara mbili.

Halafu Masunga akamgeukia Kabula. "Nilikuamini. Nimekuuliza umekula nini, unaniambia njaa ilikushinda, ulinunua chakula njiani. Njaa! Wiki tatu umevumilia, siku moja ikushinde? Mtu mwenye tamaa hivi mimi nimpeleke wapi?"

Kabula aliinua macho akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alikuwa anangoja.

Sasa hapo ndipo kosa langu lilipo, mwanangu, wala usidhani ni yule samaki. Samaki nilimpika kwa upendo na kwa kutojua, na Mungu anayaona yote mawili. Kosa ni kwamba nilikuwa na kinywa, nilikuwa na maneno, na nilikaa kimya. Nilimwona huyo kijana, mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, nikaona nitawezaje kukiri mbele yake. Nikajiambia nitasema baadaye, akiwa ametulia. Nikashika ufagio nikaanza kufagia mahali palipokuwa pasafi. Masunga akaondoka. Kabula akaokota kanga yake, akaifunga tena, akaingia chumbani.

Nilitegemea atanilaumu, tugombane, yaishe. Hakunilaumu hata siku moja. Alichota maji, alipika, aliitika nikimwita. Ila kile kicheko cha kukohoa sikukisikia tena. Mwezi haukuisha akaniaga, anakwenda Dar es Salaam kwa shangazi yake, huko kuna timu nyingine. Nikamwambia ale kwanza. Akala. Akaenda.

Nilikwenda kwa Masunga wiki iliyofuata. Nilimkuta anakunja mikeka ya mazoezi. Nikamwambia ni mimi. Ni mimi niliyemsimamia mpaka akamaliza, na uongo wa njiani aliutunga kwa ajili yangu.

Aliacha mikeka. Akakaa chini kabisa. "Mayu," akasema, "mbona hukuniambia siku ile? Ningempigia magoti yule mtoto."

Masunga alimtafuta Kabula kwenye simu akamwomba radhi, naye akamjibu vizuri, ila kurudi hakurudi. Nikajifunza kupika chakula cha mtu mmoja. Si rahisi, mkono umezoea vipimo vya watu wengi. Nikajifunza pia kukaa mlangoni jioni bila kuangalia njia ya stendi, na hilo hadi leo sijalijua vizuri.

Miaka minne ilipita, mashindano yale yakazunguka tena. Mwaka huu, siku moja ya sokoni, kijana wa dukani akanionyesha simu. "Bibi, huyu si Kabula wako?" Alikuwa na kile kizibao cha bluu cha kupigania, mkono umeinuliwa na mwamuzi. Nywele zimeota, zimesukwa. Mchujo wa taifa ulifanyika Mwanza vile vile, na yeye ndiye aliyepita.

Kutoka Mwanza mpaka hapa ni mwendo wa asubuhi tu.

Nikampigia. "Kabula, nasikia umepita."

"Nimepita bibi. Wiki iliyopita."

"Hukuniambia kama unakuja huku."

Nikasikia watu nyuma yake wanapiga kelele za mazoezi. "Nilikuwa na mizani, bibi," akasema.

Nikashika simu kwa mikono miwili. "Ile siku nilitakiwa kusema. Mwalimu wako alipokuwa mlangoni. Nilitakiwa kusema ni mimi."

"Najua bibi."

"Niliogopa aibu."

"Najua. Nilikuwa nakungoja useme." Halafu, taratibu, "Bibi, naitwa mazoezini. Tunaondoka Jumamosi kwenda kwa wale wa Afrika. Niombee niwe kwenye wale wawili."

Simu ikakatika. Hajasema kama atakuja, nami sikumuuliza.

Kwa hiyo nakwambia, mwanangu, bila kuzungusha. Ukikosea, sema. Sema siku hiyo hiyo, mbele ya watu hao hao, kabla mwingine hajabebeshwa mzigo wako. Ungamo la wiki inayofuata linakusaidia wewe kulala, haliwezi kumrudisha aliyeachwa peke yake. Na wewe kijana unayelelewa na mkubwa wako, heshima si kumeza kila anachokupa. Mkatalie kwa adabu, mara ya pili na ya tatu, mweleze kazi yako inataka nini. Akikasirika, hasira itapoa. Na wewe mzazi, muulize mtoto safari yake ikoje kabla hujamfungia mzigo wa safari yako ya zamani.

Mungu akupe miguu myepesi na moyo usioogopa aibu ndogo. Siku ukishutumiwa kwa jambo usilolifanya, akuwekee mtu karibu, mwenye kinywa, atakayesimama na kusema. Na kama mtu huyo ni wewe, Mungu akufungulie kinywa mapema kuliko alivyonifungulia mimi. Amina.