Mnunuzi Akiondoka Huitwa

Jambo zima lilinigharimu kiti kimoja na aibu mbele ya ukumbi mzima. Nimehesabu mara mbili, hakuna kingine.

Nilikuwa nauza samani kuukuu sokoni Barking, Landani, bado mgeni kutoka Unguja, alipokuja bibi wa Kimarekani kutafuta kiti cha jukwaani. Kazi yake kuandika tamthilia. Nikataja bei ya kijinga, naye akataja ya kijinga zaidi, akageuka aende zake. Nikamwita. Akarudi anacheka, akauliza nimemwitia nini ilhali bei yake ilikuwa matusi. Nikamweleza kwamba kwetu mnunuzi akiondoka hajaondoka, anasubiri kuitwa. Muuzaji asipoita, yeye ndiye aliyevunja soko.

Akakikalia kiti kile, chai mkononi, akanihadithia. Mama yake alikuwa dobi. Tamthilia yake ya kwanza ilichezwa katika chumba cha chini ya kanisa, watazamaji wamekalia makreti ya soda. Baadaye majumba makubwa ya maigizo yalimgombania, kisha yakamchoka. Hii ya Landani ikianguka, alisema, anaweka kalamu chini. Nimeona watu wakifilisika kwa kelele; yeye alikunywa chai yake. Kiti nikampa bure, na mke wangu mpaka leo haamini.

Akatualika kwenye onyesho la majaribio. Mwisho wa mchezo binti anagombana na baba yake, anachukua koti, anaelekea mlangoni. Baba yuko juu ya kiti changu, kimya. Binti anakwenda polepole, polepole sana. Maneno yakanitoka, kwa Kiswahili cha sokoni:

"Mwite, mzee! Anaondoka huyo!"

Ukumbi mzima ukageuka. Binti naye akasita mlangoni, akatazama nyuma.

"Wewe na soko lako," mke wangu akanong'ona, akasogea kiti cha pili.

Bibi alinikamata kwenye ngazi. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza, akataka tafsiri. Nilipompa, alikaa palepale ngazini, akaandika mwisho mpya. Usiku wa uzinduzi, baba alimwita binti kwa jina, mara moja tu, taratibu. Safu yetu yote ilitoa leso. Mchezo ukadumu msimu mzima, na majumba ya kwao yakaanza tena kumpigia.

Siku hizi amerudi Marekani, mzee kunizidi. Juzi kwenye simu akaniambia basi, haandiki tena. Kisha akaniaga polepole, polepole sana, na mimi, mwalimu wake wa soko, nikakaa kimya mpaka simu ikakatika.

Nyinyi mnaowajua watu wa kalamu, nishaurini: nimwiteje?