Wifi wa Linki

Wifi yake fundi cherehani, ambaye kazi yake ni kuwatafutia wenye maduka linki za kuwaleta wateja, haombi linki kwenye tovuti ya mtu kabla hajaisoma mpaka mwisho, midomo ikichezacheza, kidole kikigonga meza kama anayebisha hodi. Linki iliyokufa, isiyofungua kitu, huifuta kwenye orodha yake akinong'ona, "Pumzika salama."

"Wifi, si tununue tu linki elfu moja?" fundi alimwuliza siku moja, maana duka lake halikuonekana mtandaoni hata kwa tochi.

"Hao wapiga makofi wa kukodi! Nani anakujua kwa kazi yako?"

Wakaiandikia shule ambayo fundi aliishonea sare, nayo ikaweka linki ya duka kwenye tovuti yake. Leo fundi katafuta sare mtandaoni, duka lake likatokea ukurasa wa kwanza, akapiga vigelegele. Wifi hata hakuitazama nafasi hiyo. Aliibonyeza linki ya shule, akangoja duka lifunguke, ndipo kidole kikatulia.

"Karibuni ndani," akawaambia wateja asiowaona.