Nyayo za Nyevu na Gari la Samaki

Nyevu hagusi giaboksi ya otomatiki kabla ya kuvua viatu. Wateja wapya humcheka, nao wana haki. Mafundi wengine wa Malindi huanza na spana. Yeye hukaa kiti cha abiria, nyayo tupu kwenye sakafu ya gari, macho kayafumba kama anayesinzia, akamwambia mwenye gari aendeshe. Gia ikibadilika, nyayo zinajua. Ni nyayo zilizokulia Ganze, kwenye safari ndefu za kuchota maji, na mwenyewe huzisifu bila haya.

Siku aliyorudi kutoka matangani huko kwao alimkuta Adhiambo amekaa mlangoni pa gareji, uso umemshuka. Adhiambo ni mchuuzi wa samaki. Kila alfajiri hupakia samaki huko Ngomeni, humpitia Nyevu nyumbani kwake Gongoni, na wawili hao huja mjini wakisengenya dunia nzima. Nyevu humwita Mama Lewis, kwa jina la mwanawe. Tuseme kweli: Nyevu ana ndugu tele, lakini rafiki anaye huyo mmoja tu.

"Dada, hii gari imekufa," Adhiambo alisema. "Inaondoka kama imebeba mawe. Fundi wa pale sokoni amesema giaboksi imekwisha, nitafute ingine."

"Ameifungua?"

"Hata kuinama hajainama."

"Basi kajuaje?"

"Sijui. Lakini ikikataa kutengenezeka, mimi narudi Kisumu. Kaka yangu ananiita kila siku, na bila gari samaki wataniozea hapa."

Nyevu alivua viatu.

Gari liliondoka kwa uzito, likajivuta kama lililokwama kwenye gia ya juu. Nyevu alingoja ule mtikiso mdogo chini ya vidole. Haukuja. Waliporudi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa. Oili ilikuwa nyekundu, safi, haina harufu ya kuungua. Hapo moyo ukamtulia kidogo. Giaboksi iliyokufa hunuka; hii ilikuwa nzima, ila haikupata amri. Giaboksi za namna hii huambiwa na umeme lini zibadilishe gia, na umeme usipofika hung'ang'ania gia moja tu.

Akajitupa chali chini ya gari na tochi yake. Ubavuni mwa giaboksi, pale plagi ya nyaya inapochomekwa, palikuwa na kutu ya kijani na chumvi iliyoganda. Tone moja likamdondokea shavuni. Lilinuka samaki. Akainua tochi, akaona tundu kwenye sakafu ya gari, juu ya plagi kabisa.

"Mama Lewis! Mjinga gani katoboa hapa?"

Miguu ya Adhiambo ilisogea hatua moja nyuma.

"Ni mimi. Na msumari."

"Kwa nini, mwenzangu?"

"Si ni wewe! Kila asubuhi ulikuwa unaziba pua. Nikasema maji ya barafu ya samaki yakitoka, harufu itapungua. Niliogopa utaanza kupanda bodaboda uniache."

Nyevu alibaki pale chini. Ni kweli, tangu Ramadhani harufu ilikuwa imepungua, naye akidhani pua yake imezoea. Alicheka mpaka mchanga ukamwingia mdomoni, kisha machozi yakamtoka, wala hakujali Adhiambo akiyaona.

Alisugua plagi kwa brashi, akabadilisha pini zilizoliwa na kutu, akapaka grisi, kisha akaziba tundu kwa kipande cha bati. Walipotoka tena barabarani alifumba macho. Gia ya kwanza. Mtikiso, ya pili. Mtikiso mwingine, ya tatu. Adhiambo aliachia usukani kwa mkono mmoja akapiga kelele za furaha mpaka mwenye baiskeli akakimbilia kando.

"Lakini sasa maji yatabaki ndani," alisema alipotulia. "Itanuka tena."

"Na inuke."

Kesho yake alfajiri gari lilisimama Gongoni, likinuka kuliko siku zote. Nyevu alipanda, akavua viatu, akakanyaga sakafu iliyolowa maji ya samaki, akavuta pumzi ndefu kwa pua wazi.

"Haya, Mama Lewis," alisema. "Tulikuwa tunamsengenya nani vile?"