Mtu wa Nne Pichani

Mzee Túc alikuwa amebakiwa na picha moja tu kwenye filamu, naye alikuwa ameitunza kwa ajili ya dada watatu wauza tambi langoni pa hekalu. Kesho kutwa mkubwa wao, Quế, angepanda treni kwenda Saigon kukaa kwa mwanawe, na kwa umri wake hakuna aliyejidanganya kwamba angerudi hapa Huế. Miaka thelathini Túc aliwaahidi picha ya pamoja. Miaka thelathini wakamjibu, "Kesho, kaka, leo sufuria imejaa."

Asubuhi hiyo ya mwezi mpevu sufuria ilifunikwa. Dada watatu walivaa kanzu zao ndefu za hariri ya zambarau, wakajipanga chini ya lango, na hapo kazi ikakwama.

"Mimi katikati sikai," alisema Sương, wa pili kuzaliwa.

"Basi akae Lài," alisema Quế.

"Nimekukosea nini, dada?" alisema Lài, kitinda mimba wa miaka sitini na mitatu. "Watu watatu pichani, wa katikati hutangulia kaburini. Mimi bado nina meno yangu yote."

"Nitakaa mimi," alisema Quế. "Mimi ndiye mzee."

"Ukafie kwenye treni, watu waseme tulikupanga?" alidakia Sương.

Túc alishusha kamera. Hakuwacheka. Katika miaka arobaini ya kazi pale langoni hakuwahi kupiga picha ya watu watatu hata mara moja. Zamani halikuwa tatizo, kwa sababu zamani alikuwepo Nhàn, mkewe. Nhàn aliuza ubani hatua tano kutoka alipofanyia kazi mumewe. Wakitokea watu watatu, aliweka kikapu chini, akajifuta mikono, akasimama pembeni kabisa, nusu hatua nyuma ya wenzake, akawa wa nne. Haikuhitajika kumwita. Mpaka leo ukiingia nyumba za mji huu utamkuta ukutani kwa watu asiowajua: baba, mama, mtoto, na Nhàn. Mabinti wawili na shangazi yao, na Nhàn. Huu ulikuwa mwaka wa nne tangu azikwe.

"Tafuta mtu, kaka Túc," alisema Quế. "Jua linapanda."

Akatafuta. Muuza chai alikuwa tayari, lakini Túc aliona shati lake limetoka nje ya suruali, akageuka. Mama mmoja alikubali kwa furaha, ila alivaa kaptura, tena mbele ya hekalu. Mtawa kijana aliyekuwa akifagia uani aliegemeza ufagio ukutani aje, na Túc akamwambia asijisumbue. Na lango lilikuwa limefurika watu wenye kamera kuliko wakati wowote wa uhai wa Túc, kila mmoja ameligeuzia hekalu mgongo akijipiga picha mwenyewe. Zamani mtu alioga, akachoma ubani, ndipo akaja kupigwa picha yake moja, akaitunza mpaka kufa. Hawa walipiga mia kabla ya saa tatu, na ukiwauliza ubani unachomwa vijiti vingapi, wanakukodolea macho.

Mteja wa mwisho wa dada watatu alikuwa bado kwenye kigoda, binti aitwaye Thư, aliyetoka Hanoi kuzunguka mji akipiga picha vyakula na mahekalu. Dakika kumi alikuwa ameliinamia bakuli lake na simu mkononi, akihamisha vijiti vya chakula mara kushoto, mara kulia.

"Bibi, nyama imesahaulika humu," alimwambia Sương.

"Haikusahaulika. Leo mwezi mpevu, hatuli nyama, ng'ombe wamepumzika. Kula, mwanangu. Tambi zinavimba wewe unazipiga picha kama bibi harusi."

Thư alicheka, kisha akamgeukia Túc. "Babu, mtu wa nne wa nini? Nawapiga picha mmoja mmoja kwa simu, halafu nawaunganisha. Hata aliyekufa anaingia, ukiwa na picha yake."

Túc alimkazia macho. "Hata aliyekufa," alisema.

"Ndiyo, babu. Dakika mbili tu."

"Si vibaya, kaka," alisema Sương kwa sauti ndogo.

"Haya, nendeni mkaunganishwe." Akaanza kuirudisha kamera mkobani, lakini kifungo cha mkoba kikakataa kufunga.

Lài ndiye aliyemfuata. "Muuza chai umemkataa. Yule mama umemkataa. Mtawa wa watu kaacha ufagio, umemrudisha. Kaka Túc, wewe hutafuti mtu wa nne. Unamtafuta dada Nhàn, na dada Nhàn hayupo. Dada yangu mimi anaondoka kesho kutwa."

Túc aligeuka. Alimtazama Quế. Bibi yule alikuwa bado amesimama palepale alipojipanga, mikono tumboni, jasho likichora mistari kwenye poda ya uso, hakusogea asije akakunja hariri.

"Wewe binti," alisema Túc. "Simama pale pembeni. Nusu hatua nyuma."

"Na bakuli?"

"Weka chini."

"Nikiweka chini, babu, mbwa yule atakula kabla yangu."

Akaja na bakuli lake. Akalishika mbele ya kifua na kutabasamu kwa meno yote, na Túc akaona kila kosa: mabega, bakuli, simu inayochungulia mfukoni.

"Usicheke."

Akaacha, halafu akashindwa. Lài akacheka, Sương akacheka, mwisho hata Quế, aliyekuwa katikati ya wadogo zake bila mtu kubishana tena, maana kwa watu wanne hakuna katikati. Túc alijua hatapata kitu bora kuliko kile. Akabonyeza.

"Nione, babu," alisema Thư.

"Hakuna cha kuona. Filamu inapelekwa Saigon kusafishwa. Wiki tatu."

"Nitakuwa huko," alisema Quế. "Niandikie duka lilipo, nitaichukua mwenyewe."

Katika miaka arobaini Túc hakuwahi kumpa mtu picha ambayo hakuitazama yeye kwanza. Alinung'unika, akaomba kalamu kwa muuza chai, akaandika anwani kwa herufi kubwa, kwa sababu macho ya Quế hayakuwa mazuri tena.