Majivu ya Mama Ilde

Jamani, niseme ukweli kabla sijasemewa: aliyemtangaza Mama Ilde kuwa ameishiwa ni mimi, Justa, jirani yake wa ukuta kwa ukuta hapa Kibaoni. Na nilitangaza kwa uchungu, siyo kwa umbea. Haya, na umbea kidogo.

Mama Ilde, jina lake hasa Balbina, ni mjane anayejisikia. Nyumba yake ilinukia dawa za usafi za dukani mpaka ukipita njiani unajikuta unakung'uta viatu. Ukimpelekea mboga, anaigeuza bakuli kwanza aangalie kitako. Bakuli zangu zimedharauliwa miaka kumi na minne! Kwenye jumuiya yetu ya kanisa, yeye ndiye wa mbele kupeleka misaada kwa wahitaji, na njiani kurudi anasema hawajui kuosha vikombe.

Sasa siku moja nachungulia uani kwake, namwona anasugua sufuria kwa majivu ya pumba za mpunga. Majivu! Kesho yake anafua mashuka kwa majani ya mpapai yaliyopondwa. Sakafu anapiga deki kwa maji ya limao. Nikamuuliza, "Mama Ilde, shikamoo, kwani sabuni imekuwaje?"

"Marahaba. Angalia kwako, Justa."

Ningefanyaje? Nikaenda kumwambia Klementina, na ukishamwambia Klementina umeshaiambia Ifakara nzima.

Siku ya tatu Mama Ilde akaingia kwangu bila hodi. "Nani kakwambia nimeishiwa? Magunia kumi na moja ya mpunga yamelala chumbani kwangu!" Halafu akakaa, sauti ikashuka. Zahanati wamemwambia zile dawa za dukani ndizo zinazomchoma kifua. Aliposhika majivu na limao, kikohozi kikakata.

"Si useme basi!" nikamwambia.

"Nikisema, Ilde atasikia. Alishaapa kifua kikinisumbua tena anakuja kunihamishia kwake Dar. Ghorofa ya nne, Justa! Shamba langu la Lupiro nani atalima? Nikafie kwa watu nisiowajua hata kuwasalimia? Ukifungua mdomo, mimi na wewe basi."

Nikaapa. Lakini maji yalishamwagika.

Jumamosi jumuiya ikaja ikiimba, na beseni limejaa: miche ya sabuni, sabuni ya unga, chupa za dawa za kila rangi. Nami nilikuwemo, ningejificha wapi? Mwenyekiti wetu, mzee Kelestini, akatoa "Tumsifu Yesu Kristo," tukaitikia, tukakaa. Nyumba inang'aa, ila hainuki kitu, na kila mtu ananusa kwa siri.

"Mama Ilde," akasema Kelestini, "tumesikia mengi. Tuambie mwenyewe. Kama ni maradhi, usifiche. Namba ya kijana wako ninayo, nampigia sasa hivi aje." Akatoa simu kabisa. "Kama ni hali ngumu, hilo ni letu."

Mama Ilde akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Kidole cha Kelestini kiko juu ya simu.

"Ni hali ngumu, Mwenyekiti," akasema.

Klementina akaguna kwa huruma. "Mpaka chakula, dada?"

Nyuma ya pazia magunia kumi na moja! Nilitaka kupiga kelele. Mama Ilde akajibu, "Mpaka chakula. Tunasukuma tu."

Hapo hapo wakapanga kumletea kisado cha mchele kila mwezi, na Klementina, ambaye vikombe vyake ndivyo vilivyosemwa sana, akajitolea kuwa anakuja kumwoshea vyombo. Mama Ilde akasema asante. Akapiga goti akapokea beseni kwa mikono miwili, macho chini. Balbina huyo! Kelestini akarudisha simu mfukoni.

Aliwasindikiza mpaka barabarani, akawashukuru mmoja mmoja. Aliporudi nilikuwa nimeshaandaa pole na samahani, lakini hakunisikiliza. Akakaa kwenye kizingiti cha mlango wake, akaupapasa ukuta kwa kiganja.

"Justa," akasema, "nipo kwangu."

Mimi ndiye niliyelia.