Jembe na Nyumba Katika Gari Moja

Diwani wetu alipofariki, Chama kilitangaza uchaguzi mdogo wa kujaza kiti chake, na majina mawili yakapitishwa: la mume wangu na la mwanamke mmoja wa Mkuyuni. Mume wangu alipewa alama ya jembe. Yule mwanamke akapewa nyumba. Nilipoambiwa hivyo nilikasirika kabla hata sijamwona, maana kwetu Uluguru nyumba ni ya mke. Shamba ni la ukoo wa mama, mume huja kuishi kwetu, na siku akiondoka huondoka na nguo zake na panga lake. Nyumba ilikuwa yangu, halafu akapewa mwingine azunguke nayo vijijini pamoja na mume wangu.

Vijana waliozoea wagombea kutukanana majukwaani hawaujui utaratibu wa miaka ile. Chama kilikuwa kimoja, na wagombea wote wawili walikuwa wake. Walipanda gari moja la Chama, wakasimama jukwaa moja, wakapewa muda sawa wa kusema. Ilikatazwa kumsema mwenzako vibaya, ilikatazwa kunywesha watu pombe, ilikatazwa kuhutubia kwa kilugha. Mkutano ukiisha walikula sahani moja na kulala kijiji kimoja, yule mwanamke kwa akina mama, mume wangu kwa akina baba, hivyo ndivyo tulivyoambiwa. Watu waliusifu sana utaratibu huo kwamba unajenga umoja. Mimi nilijiuliza unajenga umoja wa nani na nani.

Huyo mwanamke alikuwa mjane, mwalimu wa elimu ya watu wazima. Nasema kweli, alikuwa mzuri. Alikuwa na mwanya, na alijua kwamba anao. Mtu mwenye mwanya akitaka kuuonyesha hucheka hata pasipo na cha kuchekesha.

Mimi nilibaki Kinole na migomba yangu. Habari zililetwa na mama yangu mdogo, aliyekuwa akishusha ndizi na pilipili manga sokoni Mkuyuni. Alikuwa akitua kikapu, anakunywa maji, kisha ananichoma taratibu.

"Mwanangu, kumbe mumeo anajua kuchekesha watu?"

"Mume gani? Wangu?"

"Wako. Juzi mkutanoni kasema neno, yule mama kacheka mpaka kamshika mkono."

"Kamshika nani?"

"Sasa nani tena, mwanangu? Katibu wa Chama?"

Usiku huo sikula. Miaka yote ya ndoa yetu sikumbuki mume wangu kunichekesha, isipokuwa siku alipoteleza mtoni na kikapu cha mananasi, na siku hiyo hakukusudia. Nyumbani alikuwa mtu wa "ndiyo" na "tutaona". Kumbe maneno alikuwa nayo, alikuwa ameyaweka akiba. Wenzangu waliniambia wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Niliwajibu kwamba nimeshakonda, waniache nimalizie.

Zamu ya Kinole ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, gari likakwama chini kwenye tope, ikabidi wageni wapande mlima kwa miguu. Tulikuwa tumejipanga uwanjani mbele ya ofisi ya tawi, akina mama mbele na vigelegele vyetu tayari. Nikawaona wanatokeza kwenye kona ya mikarafuu. Mbele katibu wa Chama, anahema. Nyuma yake mume wangu katika shati jeupe. Pembeni yake yule mwanamke, viatu mkononi, amevaa koti.

Mama mdogo alinisogelea sikioni. "Hilo koti si la mumeo?"

Lilikuwa lake. Lilikuwa koti aliloolewa nalo, nasema aliloolewa kwa sababu mimi ndiye niliyemleta kwetu. Nililipiga pasi ya mkaa mwenyewe kabla hajaondoka, nikashona kifungo cha mkononi kwa uzi mweusi kwa kuwa wa kahawia ulikuwa umekwisha. Nilikiona kile kifungo kwenye mkono wa mwanamke mwingine, mbele ya kijiji kizima. Vigelegele vilipoanza, changu hakikutoka.

Alinijia moja kwa moja, uso umejaa tabasamu. "Habari za hapa, dada. Nimesikia sana habari zako. Mume wako haishi kukutaja."

"Nzuri," nikamjibu. "Koti limekukaa."

Alicheka. Mwanya wote nje.

Kisha wakahutubu. Yeye alisema habari za zahanati na barabara, akasema vizuri, na hilo nalo likaniuma. Ilipofika zamu ya mume wangu nilitega masikio. Alisema jembe ni kazi, kazi ni uhai, kama walivyosema wote wa jembe nchi nzima. Halafu akamgeukia mwenzake akasema: "Huyu ndugu yangu tumetembea naye milima hii yote. Hachoki, na hanung'uniki." Alinitazama kidogo aliposema neno hilo la kunung'unika. Au ndivyo nilivyoona.

Nikaanza kupiga hesabu zangu. Diwani ni mtu wa vikao. Kila mara huitwa mjini Morogoro kwenye halmashauri. Mume wangu akishinda atakuwa anashuka, na Mkuyuni iko njiani, huwezi kuikwepa hata ukitaka, na yeye asingetaka. Lakini akishinda yule mwanamke, vikao vitamchukua yeye, atahamia zake mjini, pengine apate huko hata mwanamume wa Mwembesongo mwenye baiskeli, na mume wangu abaki huku juu nami. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nilimtaka mume wangu karibu, hata kama ni mume wa "tutaona".

Siku ya kura niliingia kwenye chumba cha darasa, nikapewa karatasi, nikaenda nyuma ya pazia la magunia. Jembe hapa, nyumba pale. Nikaiwekea nyumba alama, nikaikunja karatasi, nikatoka kifua mbele. Nje mume wangu alikuwa anasalimiana na watu. Aliniitikia kwa kichwa, nami nikamwitikia.

Nyumba ikashinda, kwa kura chache. Nilitarajia mume wangu atarudi amenyong'onyea, nikampikia kuku kabisa. Alirudi anapiga mluzi.

"Pole," nikasema.

"Ya nini? Hata kura yangu nilimpa yeye."

Nikaiweka sufuria chini. "Ulimpa nani?"

"Mke wangu, mtu anajipigia mwenyewe? Ni sawa na kujipakulia paja la kuku mbele ya mgeni. Tulikubaliana njiani: yeye anipe mimi, mimi nimpe yeye."

Walikubaliana njiani. Nilimpakulia shingo ya kuku.

Na ule mji niliomwombea yule mwanamke, hakuuhamia. Alishuka kwenye vikao akarudi, na kila aliporudi alipanda kwetu, kwa kuwa diwani ndiye aliyeongoza kamati ya maendeleo ya kata, na kamati ikamchagua mume wangu kuwa katibu. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimejipalia makaa mwenyewe. Vikao vilifanyika barazani kwangu, wanajadili shamba la ujamaa na barabara, na kikao kikiisha mgeni lazima ale. Nani apike? Mimi.

Siku moja tulikuwa watatu tu mkekani, wajumbe wengine wamekwisha kwenda. Diwani alikula, akasifu mboga, akaanza kukumbushia kampeni na lile tope. Mume wangu akadakia, wakacheka wote wawili. Kisha diwani akanigeukia mimi kwa upole, na upole wake ndio niliokuwa siuwezi.

"Dada, mimi nilimpa mumeo kura, naye akanipa mimi. Kumbe nyumba hii nzima ni wewe peke yako uliyesimama na jembe."

Nikamwongezea mchuzi.

"Kura ni siri, mama diwani," nikasema.

Mume wangu akaacha kutafuna. Akanitazama, akamtazama yeye, akanirudia mimi. Diwani alikuwa anaendelea kusema jambo kuhusu barabara, mwanya nje, lakini mume wangu hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ananitazama mimi.