Chetezo Kisicho na Mkaa

Siku hiyo sijaisahau hata leo, mwanangu: siku bibi yangu alipofunga majlisi yake, kile chumba cha wageni, kwa ufunguo, akautia ufunguo kifuani, akasema wageni basi.

Ilikuwa Ibra, mji wa huku kwa Waarabu. Mimi nilikuwa msichana wa ishirini na kitu, nakaa mapokezi kwenye kituo cha kasa kule Ras al Jinz, na kila nikipata mapumziko nawasha gari naenda kwa Bi Zuwena, mama yake babu yako. Wewe hukumuwahi. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuitia mtaa mzima, na Kiswahili chake cha Unguja alikuja nacho chote, hakupunguza hata neno. Kila Ijumaa baada ya alasiri wenzake walimjia. Wakila halwa, wakinywa kahawa, wakizungumza ya kwao, na mwisho kabisa kinakuja chetezo cha kufukizia. Kilikuwa cha udongo, kimefinyangwa Bahla, mdomo wake umeshakuwa mweusi kwa udi. Hakumpa mtu mwingine akipitishe. Mwenyewe alikipeleka chini ya mtandio wa huyu, chini ya buibui la yule, akangoja mpaka nguo zishike. Mgeni akipanda teksi, dereva anajua ametoka kwa nani.

Kisha kifua kikamlemea. Daktari akampigia marufuku moshi wa mkaa. Sisi watoto tukaona jambo jepesi hilo. Tukamwambia, Bibi, wageni si watakuja vilevile, watakunywa kahawa yao na kuondoka? Akatutazama kama tumemtukana.

"Waondoke kwangu hawanukii? Kama watu waliotoka kituo cha polisi?"

Ndipo akafunga mlango. Ijumaa ya kwanza wenzake walipopiga simu, akasema waambiwe amelala. Ijumaa iliyofuata akasema ana safari. Safari ya wapi, hata uani alikuwa haendi! Akaacha wanja, akaacha kubadili mtandio. Nikaona bibi yangu anazimika mbele ya macho yangu, na si kwa sababu ya kifua.

Siku zile vyetezo vya kuchaji ndiyo kwanza vinaingia madukani, vile vya kushika mkononi, havitaki mkaa wala waya. Wenye magari mazuri walikuwa navyo. Nikapita Sur nikanunua kile kilichong'aa kuliko vyote, rangi ya dhahabu, chini kina taa zinazobadilika kijani na zambarau. Muuzaji aliweka kipande cha udi wake ndani, moshi ukatoka kama wa treni, nikaona basi, nimepata. Nikaenda nacho Ibra mbio mbio.

Bibi alikigeuza huku na huku. "Hii ni ya harusi ya nani?"

Tukatia udi wake, nikabonyeza kitufe. Moshi ukafoka, chumba kikanuka kijiti kilichoungua, naye akakohoa mpaka nikakimbilia madirisha. Alipopata pumzi hakugomba. Aliniuliza tu:

"Kule dukani ulinusa nini?"

"Udi wao, Bibi."

"Udi wao wanaujua wao. Umenunua sanduku, mwanangu. Harufu hukununua."

Maneno hayo yalinichoma, sitakuficha, lakini ujana una ubishi wake. Nikamjibu, "Basi twende wewe ukachague." Nilidhani atanifukuza. Akautazama ule mlango aliofunga, kisha akasema, "Nipe wanja wangu."

Tukashika njia ya Sinaw mpaka Nizwa. Karibu na ngome palikuwa na duka la manukato, na kijana mwenye duka, aliposikia tunavyosemezana, akaruka kutoka nyuma ya meza. "Bibi, mimi pia Mswahili! Bibi yangu mtu wa Wete. Shikamoo!"

"Marahaba, mjukuu. Wa Wete penyewe au wa barabarani?"

"Wa Wete penyewe, wallahi! Sasa tazama hii, bibi. Hii iko na taa saba."

"Taa ninazo nyumbani. Hiki kinaufanyia nini udi?"

Akafungua fundo la leso yake, akatoa vipande vyembamba vya udi wake wa miaka yote, akavipanga juu ya kioo cha meza. Kila chetezo kikapewa kipande. Cha kwanza kilifuka sana, akakisukuma mbali: "Hili jiko." Cha pili kilijipasha, kikajipasha, hakikutoa kitu. "Hiki kinaona haya." Kijana akacheka mpaka akaegemea rafu. Wanunuzi wengine wakaacha yao wakatusogelea, na Bibi akaanza kuwaeleza kwa Kiarabu kile anachokitafuta, mkono mmoja kiunoni, sauti yake ile ya mtaa mzima imerudi. Nami nimesimama pembeni nimebeba mkoba wake, kifua kimenijaa fahari, natamani watu waniulize huyu ni nani ili niseme ni wangu.

Mwishoni kijana akatoa kwenye droo kidude cheusi, hakina pambo hata moja, cha kujaa kiganja tu. Ndani kina kijibakuli cha kauri, na moto wake una daraja tatu. Bibi akataka daraja ya chini. Tukangoja. Harufu ikaja kwanza, tamu, ile ile ya Ijumaa zetu, na nyuma yake uzi mwembamba wa moshi. Hakukohoa. Baada ya muda akakizima, akatoa kile kipande kwa kibano, akanionyesha. Kilikuwa bado cha kahawia.

"Unaona? Hakikuungua. Kimetoka jasho tu."

Hapo nilidhani tumemaliza. Bado! Akataka kijibakuli kitolewe, aone kama kinaosheka, maana masizi ya jana huharibu udi wa leo. Kisha akamwambia kijana akiache kikiwaka, sisi twende tukasali na kunywa kahawa. Tuliporudi, betri ilikuwa hai. "Haya, mjukuu wa Wete," akasema, "nifungie."

Daktari tulimuuliza pia. Akasema afadhali asingekuwa na moshi hata chembe, lakini kama lazima, basi moto mdogo, dirisha wazi, na akikohoa kizimwe papo hapo. Bibi akasema huyo sasa ndiye daktari.

Ijumaa ikafika, majlisi ikafunguliwa. Wenzake walikuja wote. Bi Salma, mwenye ulimi mkali kuliko wenzake, alikuwa hajajipanga vizuri kwenye mto, na tende bado ziko jikoni, Bibi uvumilivu ukamwishia. Alikuwa na kitu kipya, mwanangu, na alitaka kionekane. Akakitoa mfukoni, akabonyeza. Mara harufu ikajaa chumba.

Mazungumzo yakakatika. Unajua kwetu: udi ukishapita, kikao kimekwisha, mgeni anaaga. Bi Salma akainuka anatafuta viatu.

"Zuwena! Hata tende hatujaonja, umeshatutoa?"

"Kaa chini, wewe! Nakuonyesha tu!"

"Nikae vipi na udi umeshanipita puani? Miye nina adabu zangu, kwaheri!"

Walicheka wale wazee mpaka mitandio ikawadondoka. Bibi mwenyewe alifuta machozi, wanja ukamchora mashavuni. Akakizima, akakirudisha mfukoni, na maneno aliyoyasema pale ndiyo ninayotembea nayo: "Mkaa ulikuwa ukinisubirisha mpaka uive. Hiki hakinisubirishi. Basi nitajisubirisha mwenyewe."

Kahawa ikazunguka. Mmoja mmoja wakatikisa vikombe vyao kwamba wametosheka, na Bi Salma akawa wa mwisho, kwa kusudi, anaomba kingine na kingine. Alipotikisa chake hatimaye, Bibi akasimama. Akapita kwa kila mtu, mkono ameunyoosha mbali na kifua chake, mtandio wa huyu, buibui la yule, dirisha wazi. Hakukaa mpaka wote wananukia. Na mlango ule haukufungwa tena kwa ufunguo muda wote aliobakia duniani.

Mimi, kama unavyonijua, sikukaa mahali pamoja. Nimekodi vyumba Sur, nimekodi Nizwa, nimekaa Bahla, nimelala Ras al Hadd upepo unagonga madirisha. Kazi nimebadili, jirani nimebadili. Lakini najivuna kwa hili moja: hata chumba changu kiwe kidogo kiasi gani, mgeni hakutoka kwangu hanukii.

Sasa umeniandikia, "Shangazi, naanza kazi Nizwa, bweni hawataki mkaa, ninunue chetezo gani?" Nimefurahi mpaka nimesoma mara mbili. Chukua udi wako uende nao dukani, usinuse wa mwenye duka. Anza na moto wa chini, kisha utazame kipande: kikiwa cheusi, mrudishie mwenye duka chetezo chake. Kitoe kijibakuli, uone kama kinaosheka. Kiache kiwake mpaka ujue betri yake, maana kikizima katikati ya wageni utaona haya wewe, si kiwanda. Taa waachie wenye harusi. Mwenzako wa chumba akiwa na kifua, muulize kwanza, na ufungue dirisha. Na ukishakipata, kiweke mfukoni. Usikibonyeze kwa sababu kipo tayari; kibonyeze vikombe vikishatikiswa.

Nenda, mwanangu. Mola akupe nyumba isiyokosa wageni, akupe kifua kizima na mkono mkunjufu, na kila aingiaye kwako aondoke nguo zake zinakusema vizuri njia nzima. Amin.